Shajara ya mradi: walimu walioingia kwa mlango wa pembeni, Lubumbashi

Septemba, wiki ya kufungua masomo

Naanza kuandika hapa juu wenzangu wameomba kila kitu kikae mahali pamoja, maana kila mara mtu mpya anafika tunarudilia maelezo yale yale na Jumamosi inaisha. Mradi wenyewe ni huu: hapa mjini tuko na vijana wengi sana wanafundisha sekondari na hawakusomea ualimu. Mmoja alisoma umeme politekniki, mwingine agronomia, mwingine ekonomia, kuna hata mmoja wa sheria anafundisha sivike na istoria. Wako na lisansi zao, masomo wanayajua, lakini hakuna mtu aliyewahi kuwaonyesha namna ya kusimama mbele ya kalasi iliyojaa na kulifikisha somo mwisho. Tunataka kuwasindikiza mpaka wapate agregasio, ile karatasi ya ualimu, na tunataka waanze kufundisha vizuri leo leo, juu watoto walio mbele yao mwaka huu hawawezi kungoja mwalimu amalize karatasi zake.

Kwa asiyejua njia ya kawaida: mwalimu wa msingi anatoka humanite (madarasa ya juu ya sekondari) ya pedagojia, anapata diploma ya Leta (serikali), ile tunayoita D6, na tayari amefanya staji mu kalasi za watoto. Wa sekondari anatoka ISP, chuo cha juu cha ualimu, pale somo na namna ya kulifundisha vinaenda pamoja tangu mwaka wa kwanza. Aliyepitia fakilte ya kawaida, tuseme kemia ao hesabu pale UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), anajifunza kemia tu, ualimu ni programu ya pembeni, ndiyo inaitwa agregasio. Asipoifanya anaweza kufundisha tu, maana shule inahitaji mtu, lakini anabaki lisansie bila ujuzi wa ualimu, na hata kwenye mafaili ya mishahara lisansie na lisansie agreje hawaandikwi sawa.

Kwetu hakuna kadi ya leseni kama Kenya, ambako bila kuandikishwa na TSC, tume yao ya walimu, hauruhusiwi kufundisha. Kwetu leseni njo diploma, na nyuma ya diploma inakuja matrikile, namba yako kwenye listi ya Leta. Hivi viwili vinasema wewe ni nani na utalipwa ngazi gani. Kama kuna mtu aliwahi kukaa nyuma ya kalasi yako akakuangalia unafundisha, hilo haviwezi kulisema, na miye naona pale njo kazi yote iko.

Septemba, siku chache baadaye

Kuna aliyeuliza kwa nini tunaharaka mwaka huu. Jibu liko kwenye madarasa ya chini. Shule ya msingi ya Leta ilikuwa bure ndani ya Katiba ya 2006, artikli 43, lakini tulianza kuiona kweli Septemba 2019. Hesabu mwenyewe: mtoto aliyeingia mwaka wa kwanza wakati ule, kama hakurudilia, Septemba hii ya 2025 ameingia mwaka wa saba, mwanzo wa sekondari. Lile wimbi ambalo walimu wa msingi walilibeba peke yao, mtu mmoja na watoto wamebanana wanne wanne kwenye benchi, sasa limefika mlangoni kwetu. Shule zitatafuta watu wa hesabu na sayansi, watakaopatikana ni hawa hawa wa politekniki na agronomia. Basi tuwapokee vizuri.

Mzee Enspekta (yuko pensheni, amekubali kuja Jumamosi asubuhi) aliniambia mlango wa pembeni si jambo jipya huku. Wakati wa misheni moniteri wengi walikuwa makatekista. Kisha 1960, Wabelgiji walipoondoka, shule zilijazwa na watu kutoka nje, Wahaiti wengi walikuja kwa njia ya UNESCO, na 1961 wakafungua IPN (chuo cha taifa cha pedagojia) pale Kinshasa ili nchi itengeneze walimu wake wa sekondari. «Kila mara nchi iko na shida,» anasema Mzee, «inafungua mlango wa pembeni. Lile swali la kuuliza ni kama ndani kuna mtu wa kumpokea anayeingia.»

Oktoba

Tumeanza na fishi ya preparasio, ile plani ya somo. Nilidhani watalia, juu kila mtu anaichukia, lakini kinyume. Wale wa politekniki waliipenda haraka kuliko wengine, maana wamezoea kuchora plani kabla ya kugusa waya. Shida iko mahali pamoja: lengo la somo. Karibu wote wanaandika kwamba mwanafunzi atakuwa ameelewa sheria ya Ohm, ameelewa usanisinuru, ameelewa Mkutano wa Berlin. Mzee anachukua biki nyekundu na kuuliza swali lile lile kwa utulivu: mwanangu, utaonea wapi? Kengele ikigonga utamwona mtoto anafanya nini ambacho asubuhi hakukiweza? Mpaka mtu anabadilisha anaandika: akipewa volti na ohm ataweza kutafuta ampea, peke yake, kwenye kaye (daftari) yake. Sasa hapo mwalimu anajua somo limefika ao halikufika.

Kitu kingine, tumeamua kila mmoja aende mwenyewe sekretaria ya fakilte kuuliza masharti ya agregasio mwaka huu, karatasi gani, tarehe gani, makuta ngapi na kama wanapokea kwa vipande vipande. Tangu chuo kikuu kiingie LMD (mfumo wa lisansi, masta, dokta), kuanzia 2021, mambo ya lisansi yamegeuka, ya sasa ni miaka 3 halafu masta, kwa hiyo usitegemee yale kaka yako alikuambia, yeye alisoma mfumo wa zamani wa graduat na lisansi ya miaka 5. Hapa ndani ya kikundi tuko na watu wa mifumo yote miwili na dosie zao hazifanani.

Novemba

Hii njo naandika kirefu juu ni siku iliyonifundisha sana.

Enjenia wetu wa umeme alipata ruhusa ya prefe (mkuu wa shule) wake tuje kumwangalia akifundisha hesabu mu humanite. (Shule nyingine ilikataa, ilisema wageni watavuruga kalasi, tumeheshimu.) Somo: ekwasio za digrii ya pili. Kijana anajua hesabu, hilo hakuna wa kulibisha, aliingia, akasalimu, akafuta tablo, akaandika formula nzima, b ya mraba kutoa nne a c, akaizungushia, akasema hii njo delta, muishike vizuri, kisha akafanya mifano mitatu kwa mwendo wa gari la Kolwezi. Tablo ilikuwa safi sana, hakuna hata kosa moja. Akauliza: tumeelewana? Kalasi nzima: ndiyo mwalimu!

Miye nilifurahi. Mzee alikuwa amekaa nyuma kabisa, kaye yake kwenye magoti, na katikati ya somo alisimama polepole akapita kati ya mabenchi. Tulipotoka tukakaa chini ya mti wa maembe, hakusema neno juu ya hesabu. Alimuuliza tu: yule msichana wa benchi la tatu upande wa dirisha, wakati wewe unaandika delta, yeye alikuwa anaandika nini?

Enjenia hakujua. Mzee akatuambia. Msichana alikuwa amechora triangle, kubwa, kwa rula, na kwenye pande zake ameandika a, b, c. Aliona ile alama ya delta kwenye tablo, kwake ni triangle, na juu ya triangle alishafundishwa kwamba pande zinaitwa a, b, c, basi akapanga kila kitu mahali pake kwa akili yake yote. Hakuwa anacheza. Alikuwa anafanya kazi kuliko jirani zake waliokuwa wanakopia bila kuuliza. Na alipoulizwa kama ameelewa alijibu ndiyo, na alikuwa anasema kweli, yeye aliona ameelewa.

Enjenia alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema: papa, nifanye nini?

Wakakaa wawili pale wakatengeneza somo upya kwa ajili ya kalasi ya pili. Programu mpya za hesabu na sayansi zinataka somo lianze na situasio, kitu cha maisha, na watu wengi wanaichukua kama mapambo, wanaandika sentensi mbili juu ya mama anayeuza soko ya Kenya (komini ya hapa mjini) halafu wanarudi kwenye formula. Mzee alitaka situasio ambayo mtoto hawezi kutoka bila ile ekwasio. Wakachukua kiwanja: mtu amenunua kiwanja kule Ruashi, urefu unapita upana kwa mita 3, eneo ni mita 40 za mraba (kidogo sana kwa nyumba, watoto wenyewe walisema, basi ikawa ya kujenga duka). Upana ni ngapi? Unaita upana x, urefu x na 3, unazidisha, unapata x ya mraba jumlisha 3x sawa na 40. Na hapo watoto wanakwama, kweli wanakwama, wanajaribu namba, 4 haitoshi, 6 inapita. Ni wakati huo tu mwalimu analeta delta: 9 jumlisha 160, ni 169, mzizi wake 13. Toa 3, inabaki 10, gawa kwa 2, upana ni mita 5 na urefu 8. Jibu la pili linatoka kutoa 8, na kijana mmoja wa nyuma, ambaye kwa kawaida haongei, akasema kwa sauti: lakini mwalimu hakuna ukuta wa kutoa 8! Kalasi ikamjibu kwa makofi.

Naandika haya yote juu kuna watu wanafikiri agregasio ni kununua karatasi ya kupandishia mshahara. Mzee aliona triangle ya yule msichana kwa sababu amekaa nyuma ya kalasi miaka mingi, anajua macho yaende wapi. Kitabu cha pedagojia kinaweza kukuambia uangalie kaye za wanafunzi, lakini benchi gani, dakika gani, hiyo unaipata kwa mtu.

Desemba

Mvua, egzame, kusahihisha. Tumekutana kidogo tu. Kalasi tunayoazimwa pale Katuba iko na bati tupu, mvua ikinyesha hausikii hata jirani yako, tumefanya kazi kwa kuandikiana kwenye tablo. Fishi zimesonga mbele hata hivyo.

Januari

Wakati wa likizo nilisoma kidogo nchi zingine wanafanya je, nikawaletea wenzangu tukabishana vizuri.

New Jersey, kule Marekani, ambako kila jimbo linatoa leseni zake, walikuwa wanaziba mapengo kwa vibali vya dharura, yaani mtu yeyote akipatikana anawekwa mu kalasi. Mwaka 1985 wakaanza njia nyingine: mtu mwenye digrii ya chuo kikuu ambaye hakusomea ualimu anapita mtihani wa somo lake, anaajiriwa, na akiwa kazini anasoma pedagojia huku mwalimu mzoefu wa shule ile ile anamsindikiza, leseni kamili inakuja mwishoni. Majimbo mengine mengi yakafuata kwa namna zao. Teach For America iliingiza kundi lake la kwanza 1990, vijana waliotoka chuo wanafunzwa wiki chache za kiangazi na kutumwa shule za maskini kwa miaka 2. Uingereza iko na Teach First tangu 2002, na kuanzia 2021 kila mwalimu mpya wa England anasindikizwa miaka 2, hata aliyepita njia ya kawaida.

Mama wetu wa biolojia alisikiliza mpaka mwisho halafu akauliza swali la maana: yule mwalimu mzoefu, nani anamlipa yale masaa? Akaeleza: kule mwalimu mpya na msindikizaji wake wanapunguziwa vipindi, ao kuna pesa kidogo. Huku yeye anafundisha shule mbili, asubuhi Kampemba, mchana Kamalondo, na jioni anasahihisha kwa taa ya simu umeme ukikatika. Ukimwambia amsindikize kijana mwaka mzima bure, atakubali kwa moyo Oktoba na Februari atachoka. Anasema kweli. Miye naona hapa njo penye udhaifu wa mradi wetu wote, na hautatatuliwa kwa kuwaambia watu wajitolee zaidi. Tulichoweza kufanya ni kidogo: msindikizaji anafuata mtu mmoja tu, na yule anayesindikizwa anamsaidia kusahihisha interro (majaribio madogo) za kalasi za chini. Biashara ya haki, na pembeni yake kijana anajifunza kusahihisha.

Upande wa Teach For America kundi liligawanyika. Wa sheria aliipenda sana. Miye siipendi kwa huku kwetu, naisema wazi, kwa sababu shule za pembeni ya mji tayari zinapata watu wa kupita, wanafika, wanangoja kazi ya mgodi, wanaondoka. Watoto wale wanahitaji mtu atakayekuwepo wakifika Egzame ya Leta, mtihani wa mwisho wa sekondari.

Februari

Na kweli, yule wa jeolojia ameitwa mgodini Kolwezi. Alikuwa anafundisha kemia vizuri, alishafanya masomo ya kujaribu, Mzee alimpenda. Hakuna aliyemlaumu, mkewe karibu azae, na alikuwa kati ya wale tunaoita NP, wasiolipwa na Leta, anaishi na primi tu, zile pesa wazazi wanachanga. Watu wa nje wanashangaa wakisikia hii lakini kila shule huku iko nao: mwalimu anapewa kazi, anafundisha, jina lake halijaingia kwenye listi ya mishahara, ile SECOPE ya zamani ambayo siku hizi ni DINACOPE, na anaweza kungoja miaka. Ukiongeza agregasio juu ya mtu asiye na mshahara, umemwongezea mzigo. Ndiyo maana tumefungua likelemba, tunachanga pesa na kila mwezi mmoja anachukua, na zamu imepangwa kufuata tarehe za kulipa fakilte.

Baada ya yeye kuondoka tumeweka sheria mpya: fishi zako zinabaki shuleni. Kaye moja kwa kila somo, inakaa ofisini kwa direkta wa masomo, na pembeni ya kila fishi unaandika somo lilikwenda je, watoto walikwama wapi. Kijana aliyekuja kuchukua nafasi ya jeolojia amekuta kemia ya mwaka mzima mpaka mahali kalasi imefika. Amefundisha kesho yake.

Machi

Watu wa msingi wameanza kutuandikia pia. Mama mmoja yuko na D6 ya ushonaji, anafundisha mwaka wa pili wa msingi, anapenda kuniita yaya, yaani mkubwa wake, ingawa yeye ni mkubwa kwangu. Agregasio haimhusu, ile ni ya wenye lisansi. Kwake njia ziko tofauti: anaweza kujiandikisha kama otodidakti (mtu anayejisomea mwenyewe) afanye upya Egzame ya Leta, hii ambayo nchi nzima inafanya tangu 1967, safari hii upande wa pedagojia, ao aende ISP kama anapata masaa. Kwa kazi ya kila siku tumempa vitabu vidogo vya IFADEM, ule mpango wa OIF na AUF (mashirika ya nchi na vyuo vya Kifaransa) wa kuwafunza walimu wa msingi kwa mbali, ulipita Katanga na watu bado wanavitunza. Viko vizuri hasa kwa kufundisha Kifaransa kwa mtoto ambaye nyumbani anaongea Kiswahili tu, na hiyo njo kalasi yake yote.

Nilikwenda kumwona. Hakusomea pedagojia hata siku moja, na alikuwa anafundisha kutoa kwa kukopa kwa vipande vya vitambaa vilivyofungwa kumi kumi, watoto wanafungua furushi wenyewe. Nilikaa mpaka mwisho. Aliponiuliza kama anafanya vizuri nilimwambia ndiyo, na nikamwambia pia kwamba anazungumzia upande wa kushoto tu wa kalasi, wale wa kulia wanalala. Alicheka, wiki iliyofuata akabadilisha mabenchi.

Aprili

Masomo ya mwisho mbele ya jiri (wale wanaotoa alama) yamepita kwa kundi la kwanza. Enjenia alipangiwa logariti, sitaeleza yote, nitasema tu kwamba kabla ya kuandika neno lolote aliwauliza watoto swali, akazunguka kusoma kaye zao, kisha akarudi kwenye tablo akaanzia pale alipoona wamekwama. Mmoja wa jiri alimuuliza amefundisha miaka mingapi. Wa agronomia amepita pia. Wa ekonomia ameambiwa arudilie somo moja, sauti haikufika nyuma na lengo halikutimia, tumekaa naye jioni ile ile na ameshaanza fishi nyingine. Wa sheria aliacha njiani, alitaka karatasi bila staji, tulimwambia tangu Januari kwamba hapa haiwezekani.

Kinachobaki: dosie za agreje wapya kupelekwa kwa prefe na kwa sou-proved (mkubwa wa elimu wa eneo), kila mtu atunze akize de resepsio yake, ile karatasi ya kuonyesha dosie imepokelewa, kopi mbili. Tunahitaji mtu wa fizikia wa kusindikiza, mzoefu, hata kama ni kwa kipindi kimoja kwa wiki. Mwezi wa tano tunataka kuangalia zaidi kalasi za mwaka wa saba, maana wimbi liko pale na karibu watu wote wapya wanapewa kalasi hizo kwa sababu wakubwa hawazitaki. Mzee ameomba kiti chenye mgongo. Kimepatikana.